Filamu zetu zinasema mno na kusikika kidogo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nijibu makala iliyotoka hivi karibuni katika gazeti lako, ambayo mwandishi wake alidai kwamba filamu za Kiswahili zinabaki nyuma kwa sababu ya uduni wa vifaa, hasa vifaa vya kunasia sauti, na kwamba tamthilia zetu za jukwaani hazifai kugeuzwa filamu kwa kuwa zimejaa mazungumzo. Hoja ya kwanza ina ukweli kiasi. Ya pili siikubali, na nitaijibu kwa kutumia filamu moja kongwe ya Kiingereza ambayo, kwa maoni yangu, kila kijana anayejifunza kazi hii hapa Bagamoyo angepaswa kuitazama kabla hajaandika barua ya kuomba fedha za kamera mpya.

Filamu hiyo inaitwa Blackmail, nayo inahusu uovu wa kumtisha mtu kwa siri yake ili atoe fedha. Iliongozwa na Alfred Hitchcock, akiwa bado hajatimiza miaka 30, katika studio za kampuni ya British International Pictures huko Elstree, nje kidogo ya London, na ikatoka mwaka 1929. Kabla ya hapo ilikuwa tamthilia ya Charles Bennett, iliyochezwa jijini London mwaka 1928, Tallulah Bankhead akiwa ndiye mhusika mkuu. Upigaji wa picha ulianza kwa nia ya kutengeneza filamu bubu, kama ilivyokuwa desturi ya miaka yote iliyotangulia, lakini kazi ikiwa inaendelea ikaamuliwa kwamba iwe filamu ya sauti, kwa sababu watazamaji wa Marekani walikuwa wamekwisha kuonja sauti tangu mwaka 1927 na wenye majumba ya sinema wa Uingereza hawakutaka kuachwa. Matokeo yake zikapatikana filamu mbili za kisa kimoja: ya sauti, na bubu iliyopelekwa katika majumba mengi ambayo yalikuwa bado hayajafungiwa mitambo ya sauti. Zote mbili zipo hadi leo, na kuzilinganisha ni darasa tosha.

Kisa chenyewe si kirefu. Alice White, binti wa muuza sigara na magazeti huko Chelsea, anakorofishana na mchumba wake Frank, mpelelezi wa Scotland Yard, makao makuu ya polisi wa London, na usiku huohuo anakubali kupanda ngazi hadi kwenye chumba cha mchoraji mmoja mwenye maneno matamu. Mchoraji anataka kumwingilia kwa nguvu. Wanapambana nyuma ya pazia. Mkono wa Alice unatokeza, unapapasa mezani, unakutana na kisu cha mkate, unarudi ndani. Pazia linatikisika, kisha mkono mwingine, wa mwanamume, unaanguka ukining'inia. Frank anapopewa kazi ya kuchunguza mauaji hayo, anaokota glavu ya mchumba wake na kuitia mfukoni bila kumwambia mkuu wake. Glavu ya pili imekwisha kuangukia mikononi mwa Tracy, mzururaji aliyekuwa akivizia nje ya nyumba ile. Asubuhi Tracy anaingia dukani, anachagua sigara kubwa ya bei ghali ambayo Frank ndiye atakayeilipia, kisha anaketi mezani na kuagiza kifungua kinywa kana kwamba ni mkwe. Mambo yanamgeukia baadaye, kwa kuwa ana rekodi ya uhalifu na aliyeonekana karibu na nyumba ile ni yeye. Anakimbia polisi hadi katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, anapanda juu ya kuba la chumba cha kusomea, na kioo kinapasuka chini ya miguu yake.

Sasa tuje kwenye vifaa, kwa kuwa ndivyo vilivyomsumbua mwandishi wa makala. Kamera ya mwaka 1929 ilikuwa na kelele kiasi kwamba ilibidi ifungiwe, pamoja na mpigapicha, ndani ya kibanda chenye kioo mbele, ili mngurumo wake usinaswe pamoja na maneno ya waigizaji. Kwa hiyo kamera iliyokuwa imezoea kutembea katika filamu bubu ikawa imefungwa miguu. Ufundi wa kuingiza sauti baadaye, ambao leo kijana anaufanya kwa kompyuta ya mapajani chumbani kwake, haukuwepo kwa namna ya kutegemewa. Na ndipo likazuka tatizo la Anny Ondra. Mwigizaji huyu, mzaliwa wa Tarnów aliyekulia Prague, alikuwa amechaguliwa kuwa Alice wakati filamu ilipokuwa bado bubu, na uso wake ulifaa kwa kila hali. Lakini Kiingereza chake kilikuwa na lafudhi nzito ambayo hakuna mtazamaji wa London angeamini kwamba ni ya binti wa muuza sigara wa Chelsea. Kumwondoa kulimaanisha kupiga upya sehemu kubwa ya filamu. Hitchcock alichofanya ni kumsimamisha Joan Barry, mwigizaji wa Kiingereza, pembeni, nje ya picha, akiwa na kinasa sauti mbele yake. Barry akawa anasema maneno yote ya Alice papo hapo, huku Ondra akiyafuatisha kwa midomo mbele ya kamera. Ukitazama kwa makini utaona mahali fulani mdomo na sauti vikipishana kidogo. Huyu Ondra, kwa wapenzi wa ndondi, ndiye aliyekuja kuolewa na Max Schmeling mwaka 1933. Lakini hilo si la leo.

Hata lile anguko la kwenye kuba lilipatikana kwa ujanja, wala si kwa wingi wa mitambo. Ndani ya Makumbusho hamkuwa na mwanga wa kutosha kupigia filamu, basi zikapigwa picha za mnato kwa kuiacha lenzi wazi kwa muda mrefu, zikaakisiwa kwenye kioo cha kujitazamia ambacho sehemu ya rangi yake ya fedha ilikwanguliwa, na waigizaji wakachezea nyuma ya sehemu iliyokwanguliwa, hata wakaonekana kana kwamba wamo ndani ya jengo. Hitchcock mwenyewe alisimulia baadaye kwamba mbinu hiyo aliitumia bila kuwaeleza wakubwa wa studio, kwa sababu hawakuielewa na wangeikataa. Ninawaheshimu sana wanaodai kwamba bila mkopo hawawezi kuanza kazi, lakini kipande cha kioo kilichokwanguliwa kimenifanya niwe mgumu kushawishika.

Jambo lililonifanya hasa niandike ni namna sauti ilivyotumika. Mwanzo wa filamu, dakika kadhaa, hakuna anayesema neno: tunaona gari la polisi likienda, mhalifu akikamatwa kitandani, akihojiwa, akichukuliwa alama za vidole, akifungiwa. Tunaelewa kila kitu. Wapelelezi wanapoanza hatimaye kuzungumza wanakuwa wakinawa mikono, na wanachozungumza ni porojo za kazini tu, zisizotupa habari yoyote tunayoihitaji. Kwa hiyo tangu mwanzo mtazamaji anafundishwa kwamba katika filamu hii midomo haitamweleza mambo. Inampasa atazame na asikilize kwa wakati mmoja.

Kisha inakuja asubuhi ya siku ya pili. Alice ametembea mitaani usiku kucha na kurudi kisirisiri kitandani. Mama yake anapofunua kitambaa kilichofunika kizimba cha ndege chumbani, ndege huyo anaanza kulia, na analia kwa nguvu isiyo ya kawaida muda wote Alice anapovaa, mpaka mtazamaji anatamani mtu amnyamazishe. Chini, kengele ya mlango wa duka inagonga kila mteja anapoingia, na kila inapogonga tunaisikia kama Alice anavyoisikia. Wanaketi kula. Jirani mmoja mwenye mdomo mrefu amesimama pale akizungumzia mauaji ambayo mtaa mzima umekwisha kuyasikia, na anatoa maoni yake kwamba kumpiga mtu tofali la kichwa ni jambo analoweza kulielewa, lina Uingereza ndani yake, lakini kisu, hapana, kisu si desturi ya watu wao. Anaendelea kusema. Polepole maneno yake yanafifia na kugeuka mngurumo usioeleweka, isipokuwa neno moja tu, kisu, ambalo linajitokeza safi kila linapotajwa. Baba anamwomba Alice amkatie kipande cha mkate. Kamera iko kwenye mkono wake unaokiendea kisu, aina ileile ya kisu alichokitumia usiku. Kisu, kisu, kisu. Na neno hilo linapotajwa mara ya mwisho linatoka kama ukelele, mkono unashtuka na kisu kinaruka sakafuni. Baba anachosema ni kwamba angeweza kumkata mtu.

Naomba wasomaji wafikirie kilichofanyika hapo. Alice hakusema chochote. Mama hakumuuliza kilichomsibu, na hakuna muziki uliopigwa kutuarifu kwamba huu ni wakati wa hofu. Kila sauti iliyotumika ilikuwa ya kawaida kabisa katika nyumba ya muuza duka: ndege, kengele, umbea wa jirani. Mwongozaji ameamua tu ipi tuisikie na ipi tusiisikie, na kwa uamuzi huo ametuingiza ndani ya kichwa cha binti aliyeua. Na huyo ni mtu aliyepewa sauti mwaka uleule, akiwa hana mwalimu wa kumfundisha namna ya kuitumia.

Sisi tumekuwa na sauti tangu siku ya kwanza tuliposhika kamera za video, na tunaitumiaje? Nilitazama filamu moja iliyopigwa hapahapa mjini kwetu, ambayo sitaitaja. Mwanamke yuko peke yake chumbani, amesoma ujumbe katika simu ya mumewe, naye anasimama katikati ya chumba na kujieleza kwa sauti: kumbe mume wangu ana mwanamke mwingine, sasa nitafanya nini mimi, watoto wangu nitawapeleka wapi. Chini ya maneno hayo kinanda kinalia bila kupumzika. Lakini kwa nukta chache, kati ya sentensi mbili, kinanda kinapokatika kwa bahati mbaya, zinasikika kwa mbali nyundo za mafundi wanaokalafati jahazi ufukweni, zikigonga kwa mpigo mmoja, bila haraka. Mwili ulinisisimka. Nilipokutana na mwongozaji nilimpongeza kwa sauti ile, naye akaomba radhi, akasema wamejitahidi sana kuiondoa lakini imewashinda.

Alikuwa na hazina mkononi akaiona takataka. Mji huu una adhana, una bodaboda, una makuti yanayokwaruza bati usiku wa upepo, una wanawake wanaotwanga na wavuvi wanaonadi samaki mnadani. Waongozaji wetu wanavihesabu hivi vyote kuwa maadui wa kinasa sauti, wanapanga kupiga picha alfajiri ili kuvikwepa, kisha wanajaza pengo kwa kinanda. Mwanamke yule angeweza kukaa kimya kitandani, simu mkononi, nyundo zikiendelea kugonga na kila pigo likizidi kidogo, wala asingehitaji kutuambia habari za watoto wake, kwa kuwa wangekuwa wanacheza nje na tungewasikia.

Sehemu ya lawama, nadhani, iko kwa mazoea ya watazamaji pia. Waliokulia katika vibanda umiza wamezoea kusimuliwa: filamu ya Kichina au ya Kihindi inaonyeshwa, na msimuliaji wa Kiswahili anatafsiri, anachekesha, anaongeza yake, na hasa anaziba kila mahali palipo na ukimya. Ni sanaa, na wenye kipawa hicho nimewacheka mpaka machozi. Hata hivyo kijana aliyejifunza filamu kwa njia hiyo anaweza kudhani kwamba ukimya ni hitilafu ya mitambo.

Nirudi kwenye tamthilia. Mwandishi wa makala anaona kwamba mchezo wa jukwaani, kwa kuwa unategemea mazungumzo, ukipelekwa kwenye filamu utakuwa watu wanaoketi na kujibizana. Ni kweli kwamba utakuwa hivyo ukipelekwa kama ulivyo. Kwa upande wangu naona tamthilia nzuri ina kitu ambacho miswada yetu mingi ya filamu haina, nacho ni mgogoro uliofungwa vizuri, wenye watu wachache wasioweza kukimbiana. Blackmail ina duka, chumba cha mchoraji, ofisi ya polisi. Mle ndani wamo binti, mchumba na mtishaji, kila mmoja akijua jambo ambalo mwingine angependa lisijulikane. Huo ni urithi wa jukwaa. Filamu iliongeza kile ambacho jukwaa haliwezi, yaani barabara za usiku, taa za matangazo zinazogeuka kisu machoni mwa Alice, mkono wa ombaomba aliyelala kando ya njia unaomkumbusha mkono wa maiti, na ukelele wake yeye unaounganishwa moja kwa moja na ukelele wa mama mwenye nyumba aliyeikuta maiti asubuhi. Mazungumzo yaliandikwa upya na Benn Levy, wala Bennett hakutupwa: katika miaka ya 1930 alishirikiana na Hitchcock kuandika filamu kadhaa nyingine.

Basi tuna nini sisi? Tunazo tamthilia za Ebrahim Hussein, za Penina Muhando na za wengine ambazo zimesomwa shuleni kwa miongo kadhaa, na tunawaachia wanafunzi wazitumie kujibia mitihani. Chukua Kinjeketile ya Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, inayohusu kiongozi wa Vita vya Majimaji aliyewaambia watu kwamba maji yake yatawakinga na risasi. Jukwaani mto hauonekani; tunauamini kwa sababu waigizaji walioko ukingoni wanauamini. Mwongozaji wa filamu ana mto halisi, Rufiji ileile, na anaweza kuyafuta maneno yote ya pale ukingoni akatuachia maji peke yake, watu wakisubiri na maji yakipita. Lakini atakapofika mwisho, pale Kinjeketile anapokataa katakata kuikana habari ya maji kwa sababu ya kizazi kitakachokuja, huko asiguse hata neno moja, kwa kuwa pale neno ndilo tendo. Kujua ni wapi pa kufuta na wapi pa kuacha ndiyo kazi yenyewe ya kugeuza tamthilia kuwa filamu, na kazi hiyo haifanywi na kamera.

Sisemi kwamba Blackmail haina kasoro. Mazungumzo yake kadhaa yanajikokota, waigizaji wakitamka polepole kwa woga wa kinasa sauti, na mtazamaji wa leo atachoka katikati. Tena wapo watakaouliza, na wana haki ya kuuliza, kwa nini mwanamke aliyejitetea dhidi ya mbakaji atazamwe kama mkosaji. Nadhani filamu yenyewe inalijua swali hilo. Hitchcock alieleza baadaye kwamba alitaka imalizike kwa Alice kukamatwa hatua kwa hatua kama yule mhalifu wa mwanzo, na Frank, akiwa ananawa mikono, aulizwe na mwenzake kama usiku huo anatoka na mchumba wake, naye ajibu kwamba hatoki. Wenye fedha waliona ni huzuni kupita kiasi. Basi katika filamu iliyotoka Alice anakwenda mwenyewe Scotland Yard kukiri, mkuu wa polisi anashikwa na simu kabla hajamsikiliza, na Frank anamtoa nje. Askari wa mlangoni anatania kuhusu wanawake wapelelezi, wanaume wanacheka, Alice anajaribu kucheka nao. Wakati huohuo unapita mchoro wa mchekeshaji anayenyoosha kidole, uliotoka katika chumba cha marehemu, ukiwa umebebwa kuingizwa ndani kama kielelezo.

Kwangu mimi mwisho huo uliolazimishwa na wenye fedha ni mchungu kuliko ule aliokuwa ameukusudia mwenyewe, maana binti ameokoka na sheria, amefungwa kwa mwanamume anayejua. Watayarishaji wetu wangeweka hapo pingu, shekhe au mchungaji, na maandishi ya kutufundisha kwamba ubaya hulipwa.

Nina ombi moja, nalo nalielekeza kwa walimu na wanafunzi wa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni hapa Bagamoyo. Toleo bubu la filamu hii lilifanyiwa ukarabati na Taasisi ya Filamu ya Uingereza, na mwaka 2012 likaonyeshwa usiku, mahali pa wazi, nje ya Makumbusho yaleyale ambamo Tracy anaanguka, likisindikizwa na muziki uliopigwa papo hapo. Onyesho la namna hiyo halitushindi. Liwekwe toleo bubu usiku wa kwanza, wapigaji wa hapa, wa ngoma na wa taarabu, wakipewa nafasi ya kuamua wenyewe ni wapi wapige na wapi wanyamaze. Usiku wa pili lionyeshwe toleo la sauti, kisha waongozaji wetu waulizwe mbele ya watu ni lipi kati ya hayo mawili wangeweza kulitengeneza kwa vifaa walivyonavyo sasa. Mwandishi wa makala akaribishwe pia, nami nitamtafutia mahali pa kulala.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa Kiswahili,
Dunda, Bagamoyo